Ukikimbia kwa nguvu halafu koo likabana wakati wa kuvuta hewa: mimi nasema ni zoloto, si mapafu

#1 MbioNdefu
Wakuu salamu. Nina dai, naomba mlipime.

Tukiishiwa pumzi tunalaumu mapafu, moyo au uvivu. Mimi nasema kwa baadhi yetu kinachoshindwa ni zoloto, pale juu ya bomba la hewa zilipo nyuzi za sauti. Nakimbia mita 1500. Nikikaza mwendo mzunguko wa mwisho, kila nikivuta hewa inatoka sauti ya mkwaruzo, na nahisi hewa inagoma hapa shingoni, chini ya kidevu. Kutoa hewa hakuna shida. Kifua hakibani. Nikisimama, muda si mrefu naongea kama kawaida. Nimeshapewa inhela ya pumu na haijasaidia chochote.

Wenye ujuzi nisaidieni: mtu anapofanya mazoezi, zoloto linafanya kazi gani hasa? Linafunguka, linafunga, au limekaa tu hewa ipite?

#2 PumziMoja
Hiyo ni pumu ya mazoezi, usizunguke. Mdogo wangu ilikuwa hivyohivyo. Alikuwa anavuta inhela robo saa kabla ya mechi na mambo yanakwenda. Labda unaivuta vibaya.

#3 TabibuWaKoo
PumziMoja, ya mdogo wako yaweza kuwa pumu kweli, ila soma tena alivyoandika mleta mada. Mlio wake unatoka akivuta hewa. Pumu hubana mirija midogo ndani ya mapafu, na anayebanwa hivyo hupata taabu zaidi kuitoa hewa kuliko kuivuta. Muda wenyewe pia hauoani. Mirija ya mwenye pumu ya mazoezi hubana zaidi dakika 5 hadi 15 baada ya kuacha kukimbia, na huchukua nusu saa au zaidi kulegea. Huyu anabanwa akiwa kwenye kilele cha juhudi, na akisimama inaachia. Hapo mimi naangalia koo kabla ya kifua.

Sasa swali lenyewe. Zoloto halikai tu. Ukiwa umetulia, nyuzi za sauti huachana kidogo unapovuta hewa na kukaribiana kidogo unapoitoa, na huko kukaribiana hupunguza kasi ya hewa inayotoka. Ukianza kukimbia zinaachana zaidi, na hata wakati wa kutoa hewa hazirudiani sana. Jambo ambalo hunishangaza mpaka leo ni hili: misuli ya kuzikutanisha nyuzi hizo ni kadhaa, lakini ya kuziachanisha ni jozi moja tu, iko upande wa nyuma wa zoloto. Na jozi hiyo huanza kukaza sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kiwambo, ule msuli mpana wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Mwili unafungua njia kwanza, ndipo unavuta.

#4 SwaliDogo
Asante daktari. Sasa kama mazoezi yanalifungua zaidi, mbona mleta mada linambana? Si ingekuwa kinyume chake?

#5 HesabuZaHewa
SwaliDogo umegusa penyewe. Angalia kiasi cha hewa. Mtu aliyekaa hupitisha lita 6 hadi 8 kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu anavuka 100, na wanamichezo wakubwa wengine hufika 150 hata 200. Zoloto ni lilelile. Limetanuka, sawa, lakini halijatanuka mara kumi na tano. Na fizikia haina huruma: nusu kipenyo kikipungua nusu, ukinzani unapanda mara 16.

#6 MtiririkoHuru
Hiyo mara 16 ni ya bomba refu lililonyooka, lenye kitu kinachopita kwa utulivu. Kwenye zoloto la mtu anayekimbia hewa inavurugika, na njia yenyewe ni upenyo mfupi. Pale shinikizo linalopotea huongezeka takriban kwa mraba wa kasi ya hewa. Ukiongeza hewa mara mbili kwenye upenyo uleule, unahitaji nguvu ya kuvuta kama mara nne. Hoja yako inabaki, ila kanuni si hiyo.

#7 HesabuZaHewa
Kwa hiyo ni mbaya zaidi kwa mkimbiaji, maana kasi ya hewa ndiyo anayoiongeza kila anapokaza mwendo. Na kuna la pili: hewa ikipita mbio kwenye upenyo mwembamba, shinikizo la pembeni hushuka na kuta laini huvutwa ndani, kama pazia linavyonyonywa dirishani upepo ukivuma nje. Zikishaingia kidogo upenyo unapungua, kasi inapanda, nazo zinazidi kuvutwa. Ndiyo maana inatokea kwenye kuvuta tu. Ukitoa hewa, shinikizo la ndani linazisukuma nje.

#8 BintiKasia
Nimeipitia hii, tena nikaoneshwa kwenye skrini. Mimi napiga makasia. Nilifanyiwa kile kipimo cha kamera nyembamba inayopitishwa puani hadi juu ya zoloto, imefungwa kwenye kofia kichwani, halafu unafanya mazoezi mpaka ushindwe huku inarekodi. Kipimo hicho kilielezwa na watafiti wa Bergen, Norway, mwaka 2006. Kabla ya hapo walikuwa wanachungulia mtu akishapumzika, na wakati huo koo limesharudi lilivyo.

MbioNdefu, umetaja nyuzi za sauti. Zangu zilikuwa wazi kabisa! Kilichoanguka ni nyama ya juu yake, ile mikunjo inayotoka pembeni mwa kidakatonge (kile kifuniko cha zoloto) kwenda kwenye gegedu mbili za nyuma. Kila nikivuta hewa ilikuwa inajikunja kwa ndani na kufunika nusu ya njia. Kwa hiyo zipo aina mbili, ya juu ya nyuzi na ya nyuzi zenyewe, na mtu anaweza kuwa nazo zote. Hisia shingoni ni ileile, huwezi kujua ni ipi bila kuona.

#9 MbioNdefu
Dada BintiKasia, shukrani sana. Ile kamera inauma?

#10 BintiKasia
Pua inatiwa dawa ya ganzi. Inakera kidogo mwanzoni, baadaye unaisahau kwa sababu miguu inauma zaidi.

#11 MnyanyuaChuma
Ninyi wakimbiaji mnalia zoloto likifunga, sisi wa vyuma tunalihitaji lifunge. Ukiinua mzigo mzito unajaza hewa, kidakatonge kinafunika, tumbo na kifua vinakuwa vigumu, mgongo unapata pa kuegemea. Ukiachia hewa katikati, umeumia.

#12 TabibuWaKoo
Mnyanyua, kidakatonge kazi yake kubwa ni wakati wa kumeza. Kinachozuia hewa yako ni nyuzi za sauti zenyewe, na juu yake ile mikunjo mingine inayoitwa nyuzi za uongo, nayo husogea ikakaza. Zoloto ndilo linaloshika shinikizo lote la kifua.

Mbinu hiyo hubeba jina la Antonio Valsalva, mtaalamu wa Italia aliyezaliwa 1666, japo yeye aliitumia kwa ajili ya masikio. Nakuomba uiheshimu. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliweka kipimo ndani ya mishipa ya wanyanyuaji wakisukuma uzito kwa miguu. Wastani wa shinikizo la damu kwenye kilele ulifika 320 kwa 250, na mmoja alivuka 480 kwa 350. Sehemu ya kupanda huko ilitokana na kubana pumzi. Kijana mwenye afya huvumilia kwa sekunde chache. Mwenye shinikizo la damu, au mishipa dhaifu ya kichwa au macho, asijaribu bila kuongea na daktari wake.

#13 UkumbiWaNyuma
Nafuatilia.

#14 JiraniMwema
Nathibitisha hilo la kushika hewa. Mjomba wangu aliondolewa zoloto lote kwa sababu ya saratani, sasa anapumulia tundu la shingoni. Tulijiandaa kwa habari ya sauti. Hatukujiandaa kwamba mtu aliyekuwa anabeba kila kitu mwenyewe angeshindwa kuinua kitu kizito. Hewa haishikiki tena, inatoka pale shingoni. Hata kujikaza chooni ni shida. Mpaka hapo sikujua mikono inalitegemea koo.

#15 SautiYaTatu
Pole kwa mjomba, JiraniMwema.

Naingia upande wa waimbaji. MnyanyuaChuma, ile sauti mnayoitoa jimu mkiinua, inayotikisa vioo, ni nyuzi zilizobanwa kwa nguvu kisha zikafumuliwa na hewa. Mara moja moja sawa. Kila siku, halafu jioni uje kwaya, utakuja na sauti imekauka. Wanaoongoza mazoezi ya viungo kwa kupaza sauti wanajulikana kwa kupata matatizo ya sauti, kwa sababu wanaliomba zoloto mambo mawili yanayopingana kwa wakati mmoja: lifunguke lipitishe hewa nyingi, na lifunge litoe sauti. Ndiyo maana pia ukikimbia taratibu unaweza kupiga soga, lakini ukikaza sentensi zinakatika. Makocha wanaitumia kupima juhudi: ukiweza kuongea vizuri bado hujavuka mpaka.

#16 MnyanyuaChuma
Mwalimu wa kwaya nimekuelewa, ila ukinifungia mdomo kilo zinabaki sakafuni. Wacheza tenisi mbona hawasemwi?

#17 SautiYaTatu
Wanasemwa sana! Nenda kasikilize malalamiko ya wapinzani wao.

#18 MamaMkimbiaji
Samahani, nawarudisha kwenye mada. Binti yangu ana miaka 14 na ana dalili zote za mleta mada. Tuliambiwa ni wasiwasi, kwamba anaogopa mashindano, apumue kwa utulivu tu. Anatoka pale analia kwa sababu anajua hasingizii. Je, ni woga unaofunga koo au koo linaloleta woga?

#19 KochaJioni
Mama, mimi nimelea vijana wengi na siwezi kukubali kwamba akili haihusiki. Ninao wanaokimbia mazoezini kwa kasi ileile ya mashindano bila mlio wowote, siku ya mashindano wanabanwa. Mwili ni uleule, mbio zilezile. Kilichobadilika ni watazamaji.

#20 BintiKasia
Kocha, una uhakika ni kasi ileile? Mashindanoni mtu huongeza bila kujijua, na hiyo asilimia ndogo ya mwisho ndiyo inayoangusha ile mikunjo. Mimi mazoezini nilikuwa nafika karibu na kilele. Mashindanoni nilikuwa nafika chenyewe.

#21 Kumbukumbu83
Historia inasaidia hapa. Mwaka 1983, madaktari wa Denver, Marekani, walieleza wagonjwa watano waliokuwa wanatibiwa pumu kali ambayo haikuwepo. Nyuzi zao za sauti ndizo zilizokuwa zinakaribiana wakati wa kupumua. Walisaidiwa kwa mafunzo ya sauti na kwa ushauri wa kisaikolojia. Tangu hapo wengi wakabeba wazo kwamba koo likibana basi tatizo liko kichwani. Wale hawakuwa wanabanwa na mazoezi peke yake, wengi walibanwa hata wakiwa wametulia. Kuchukua hitimisho lao na kumvisha msichana anayekimbia ni kumwonea. Mama, binti yako aaminiwe kwanza, apimwe, ndipo mengine yafuate.

#22 KochaJioni
Sijasema wanasingizia. Woga unakaza shingo na mabega, na shingo iliyokazwa inalishika zoloto. Hilo ni la mwili kabisa.

#23 PumziMoja
Hata hivyo hali hii ni nadra. Mmoja katika maelfu. Pumu ndiyo iliyojaa, kwa hiyo anayebanwa aanze na pumu.

#24 TabibuWaKoo
Si nadra kiasi hicho. Uchunguzi wa Copenhagen wa 2011, kwa vijana wa miaka 14 hadi 24, ulikadiria 7.5 kwa mia. Wa Uppsala, Uswidi, uliotoka 2015, kwa watoto wa miaka 13 hadi 15, ulikadiria 5.7 kwa mia. Kubana kwa mirija kutokana na mazoezi kulikuwa kwingi zaidi huko Uppsala, hapo uko sahihi. Na wapo waliokuwa na vyote viwili, ambao ndio wagumu kutibu: inhela inapunguza nusu ya shida, halafu kila mtu anashangaa kwa nini nusu nyingine haiondoki.

#25 SwaliDogo
Kwa nini inatajwa zaidi kwa wasichana?

#26 Kumbukumbu83
Maelezo yanayosikika sana ni kubalehe. Zoloto la mvulana hukua kwa kasi, ndiyo maana sauti inashuka na kile kikoromeo kinachomoza. La msichana hukua kidogo, ilhali mapafu na miguu yake inaendelea kuimarika na kudai hewa zaidi. Njia ndogo, mahitaji makubwa.

#27 MtiririkoHuru
Ingekuwa hivyo tu, wasichana wote wenye mapafu makubwa wangebanwa. Na wavulana wapo pia wanaobanwa. Ukubwa unachangia, ila lazima kuna ulegevu wa zile tishu, au namna misuli inavyofanya kazi. Sijaona maelezo ya ukubwa yakimaliza hoja.

#28 TindikaliYaTumbo
Mmesahau tumbo. Tindikali ikipanda usiku, au ukikimbia umetoka kula, inachoma nyuma ya zoloto. Tishu zinavimba kidogo na kuwa nyepesi kushtuka, halafu mazoezi yanamalizia. Mimi nilipoacha kula karibu na mazoezi na kutibiwa tindikali, kukohoa na kubanwa kulipungua sana.

#29 TabibuWaKoo
Kwako inaweza kuwa kweli, na nimeona wengine kama wewe. Lakini wapo wengi wanaomeza dawa za tindikali na hakuna kinachobadilika kwenye kilele cha mbio. Nisingempa kila mtu.

#30 MfugaFarasi
Naomba niwatoe nje kidogo kwa wanyama, kwa sababu farasi anaeleza mengi. Farasi wa mbio wapo wanaounguruma wakivuta hewa wakiwa kasi. Kwao mara nyingi ni neva ya upande wa kushoto iliyochoka, ile inayoamrisha msuli wa kufungua. Upande huo wa zoloto haufunguki, unaning'inia na kuvutwa ndani. Neva ya kushoto ni ndefu kwa sababu inashuka hadi kifuani, inazunguka mshipa mkuu wa damu, kisha inapanda tena shingoni. Na farasi hapumui kwa mdomo, pua ndiyo njia yake pekee. Akiwa kwenye kasi kubwa kila hatua ni pumzi moja. Akikosa zoloto amekosa kila kitu. Daktari wa mifugo humfunga kwa uzi ule upande uliolala ubaki wazi.

#31 SwaliDogo
Na sisi neva yetu inazunguka hivyohivyo?

#32 TabibuWaKoo
Ndiyo, na ya kushoto ni ndefu kuliko ya kulia. Ndiyo maana mtu aliyefanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo au wa kifua, kisha sauti ikabadilika na pumzi ikapungua akipanda ngazi, arudi akaangaliwe zoloto. Ila kwa vijana tunaowazungumzia hapa neva huwa nzima. MfugaFarasi ametupa mfano mzuri wa mvuto wa hewa, chanzo ni kingine.

#33 PuaTu
Dawa ni moja: pumueni kwa pua. Hewa inapashwa joto, inapata unyevu, koo halikauki, halibani. Mdomo ndio unaowaponza.

#34 HesabuZaHewa
Kwa mwendo wa taratibu nakubali. Lakini watu wengi wakifika kama lita 35 hadi 40 kwa dakika mwili wenyewe unaongeza mdomo, maana pua haitoshi. Mleta mada yuko juu ya hapo mara tatu au zaidi. Kumwambia afunge mdomo mzunguko wa mwisho ni kumwambia asimame.

#35 PuaTu
Wapo waliojizoeza wakafika mbali zaidi ya hiyo 40.

#36 BintiKasia
Wapo, lakini si kwenye kilele.

Kuna aliyeniuliza faragha nilisaidiwaje, najibu hapa kwa faida ya wote. Nilifundishwa na mtaalamu wa tiba ya sauti. Kwanza kutovuta hewa kwa kukaza koo: mabega yashuke, taya lilegee, pumzi ianzie tumboni. Pili, kuna mbinu zilizotengenezwa Denver mahsusi kwa ajili ya kilele cha mazoezi. Mojawapo: unaanza kuvuta hewa mdomo wa chini ukiwa umegusa meno ya juu, inapita kwa shida, halafu unaliachia taya ghafla katikati ya pumzi hiyohiyo. Unajifunza kwanza umekaa, ukijiona kwenye skrini ya kamera, kisha ukiwa kwenye mwendo. Usingoje ubanwe ndipo uanze, haitafaulu. Wapo wanaozoezwa misuli ya kuvuta hewa kwa kifaa cha kuvutia hewa chenye ukinzani, na wachache ambao ile mikunjo yao ya juu inapunguzwa kwa upasuaji. Mimi sikufika huko.

#37 KochaJioni
Ukiliachia taya na mabega, wasiwasi nao unaondoka. Kwa hiyo mbinu hiyo haikati ubishi wetu.

#38 MtiririkoHuru
Haikati. Inaweza kuwa inabadili mkondo wa hewa, inaweza kuwa inalegeza misuli ya kufunga, inaweza kuwa inampa mtu kitu cha kushika akili. Yote matatu yanatabiri matokeo yaleyale.

#39 TabibuWaKoo
Kabla uzi haujakwenda mbali, wasomaji wapya tafadhali. Mlio wa kuvuta hewa mtu akiwa amekaa tu, sauti iliyokwaruza wiki kadhaa bila kupona, kukohoa damu, au kubanwa kunakokuja na vipele, uvimbe wa midomo au kizunguzungu wakati wa mazoezi: hayo si ya kujadiliwa hapa, ni ya hospitali, na hilo la vipele na uvimbe ni la dakika hiyohiyo.

#40 MamaMkimbiaji
Nimeandika yote. Tumepata miadi, na nimemrekodi kwa simu akiwa anabanwa, sauti inasikika vizuri. Itafaa?

#41 TabibuWaKoo
Itafaa sana mama. Rekodi mbili kama utaweza, moja akiwa kwenye kilele na nyingine mara tu akisimama, uso na shingo vionekane. Wengi tunaamua kwa mlio huo kama tuanze na kifua au koo.

#42 MbioNdefu
Wakuu, naweka nafasi ya kamera. BintiKasia, swali la mwisho kwako: kwenye ile rekodi yako, mikunjo ilianza kuanguka kabla hujahisi kubanwa, au baada?

#43 BintiKasia
Kabla. Ilikuwa imeshaanza kuingia ndani mimi bado najiona niko sawa, nikaongeza mwendo.

#44 KochaJioni
Hiyo ni kwako. Niletee rekodi ya wale vijana wangu wa siku ya mashindano.